Bunge la Minnesota na yale mawe ya Georgia

Haya jamani, watu wa Nairobi, Mwanza, Bujumbura, wote mnaonifuatilia, leo niko St. Paul, mji mkuu wa Minnesota, na hili jengo jeupe nyuma yangu ndo bunge la jimbo. Huku kila jimbo lina gavana wake na bunge lake, msilichanganye na lile la Washington. Ilhan Omar mnayemsikia kwenye habari alianzia ubunge humu humu, 2017, ndo akaenda Washington.

Hili ni la tatu. La kwanza liliungua 1881, la pili likafunguliwa 1883 lakini likawa dogo na hewa mbovu, wakaitisha shindano la ramani, akashinda Cass Gilbert, 1895, kijana aliyekulia hapa hapa St. Paul, na ndo huyo huyo baadaye akachora lile ghorofa refu la Woolworth la New York na jengo la Mahakama ya Juu ya Marekani. Hiyo kuba mnayoiona, wazo alilitoa kwenye kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma.

Ila mimi kilichonileta ni mawe. Gilbert alitaka marumaru nyeupe, jiwe lenyewe yaani sio vigae, na aliyoipenda ilikuwa ya jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Sasa fikirieni, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeisha 1865, wanajeshi wa Minnesota waliopigana na hao watu wa kusini bado wako hai, wamezika wenzao, halafu leo waambiwe bunge lao linajengwa kwa mawe ya Georgia? Walikataa kabisa, na mimi nawaelewa. Wenye machimbo ya hapa nao wakawaka, kwa nini pesa yetu iende kusini. Mwisho wakapatana: msingi na ngazi ziwe graniti ya Minnesota, ndani watumie sana mawe ya Kasota ambayo ni ya hapa, nje ndo ikae marumaru ya Georgia, na ije kwa treni ikiwa mabonge ichongwe hapa hapa ili mafundi wa hapa wapate kazi.

Na kati ya mafundi hao alikuwepo mtu mweusi, Casiville Bullard, fundi mawe kutoka Tennessee, kusini huko huko. Jamani mshikeni hilo jina! Wageni wakija wanatajiwa Gilbert, Gilbert, lakini kuta hazikusimamishwa na kalamu. Nyumba aliyojijengea Bullard bado ipo mjini humu na iko kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria. Mafundi 6 walikufa kwenye ujenzi huu. Wabunge wakaingia Januari 1905, gharama dola milioni 4.5.

Wale farasi 4 wa dhahabu pale juu, chini ya kuba, ni shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya Daniel Chester French na Edward Potter, na kuna matembezi ya kupanda mpaka pale walipo, nitawaonesha.

Halafu kuna hili la picha. Ofisi ya gavana ina ukumbi wa kupokelea wageni, na miaka yote ulikuwa na mchoro mkubwa wa mkataba wa 1851 ambao Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, walipoteza ardhi yao, umechorwa kama sherehe vile. Watu wa asili wakasema wazi kwamba unawaumiza. Basi kwenye ule ukarabati mkubwa, 2013 mpaka 2017, ulioenda kama dola milioni 310, ukatolewa pale ukapelekwa ghorofa ya juu, pamoja na maelezo yake. Mimi naona walifanya vizuri, maana mtoto wa Kidakota akienda kumsalimia gavana wake asikutane na ule mchoro ukutani.

Kuingia ni bure, twendeni ndani, naanza na ule mchoro halafu tunapanda mpaka walipo wale farasi.