Jana Iko Wapi? Mhadhara wa Jioni, Ujiji

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nashukuru mmekuja, na najua wapo walioacha dagaa mchangani huku mawingu yakijikusanya upande wa Kongo, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Swali la jioni hii ni hili: je, jana ipo? Siulizi kama ilikuwapo. Hilo hakuna anayelibishia. Nauliza kama saa hii, tulivyokaa hapa Ujiji chini ya mwembe, jana bado imo katika jumla ya vitu vilivyopo, au imefutika kama nyayo ufukweni wimbi likipita. Na kesho je? Ipo nasi tunaiendea, au haipo kabisa mpaka tuifikie?

Jibu ambalo wengi tunaishi nalo ni kwamba kilichopo ni sasa peke yake. Augustino wa Hippo, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alilitafakari jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akafika mahali pa kusema kwamba yaliyopita tunayo katika kumbukumbu na yajayo tunayo katika matarajio, yote mawili ndani ya roho, na sasa hivi. Tusilidharau jibu hilo. Mtu aliyeng'olewa jino jana, leo anamshukuru Mungu maumivu yamekwisha. Hashukuru kwa kuwa maumivu yamebaki kwenye tarehe nyingine. Anashukuru kwa kuwa hayapo. Mwanafalsafa Arthur Prior wa New Zealand aliijenga hoja hiyo ya shukrani mwaka 1959, na katika zote nilizozisoma ndiyo inayonipa taabu zaidi. Sina dawa yake kamili.

Hata hivyo naamini jana ipo.

Sikilizeni kwanza lugha yetu. Kiswahili hakitupi neno la kuwapo lililo tupu. Ukisema mtu yupo, yuko, yumo, tayari umegusa mahali. Sasa chukueni neno "alipolala". Nikisema "nionyeshe alipolala mgeni", naomba nionyeshwe mahali. Nikisema "alipolala mgeni, mvua ilianza", nataja wakati. Kiungo ni kile kile, -po-, na kinabeba yote mawili bila kulalamika. Majirani zetu Warundi wana neno "ejo" ambalo ni jana na pia ni kesho; mpaka uongeze neno jingine ndipo msikilizaji ajue siku iko upande gani wa leo. Sisemi kwamba sarufi inathibitisha ulimwengu ulivyo. Lugha inaweza kukosea kama mtu anavyokosea. Ninachosema ni kwamba kuuona wakati kama mahali si jambo geni lililotufikia kwa vitabu vya Ulaya. Tulikuwa nalo kinywani.

Sasa tuigeukie hiyo sasa yenyewe, maana anayedai kwamba kilichopo ni sasa tu ana deni la kutuambia sasa ni ipi. Mwezi wa Ramadhani kila mtu hapa anajua kwamba adhana ya magharibi ikisikika redioni kutoka Dar es Salaam, huku hatufuturu. Jua letu bado liko juu ya milima ya Kongo, na litakaa kiasi cha dakika 40 zaidi. Saa za ukutani zinafanana, jua halifanani. Vuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, Kongo, au panda gari mpaka Bujumbura, utarudisha mshale wa saa yako nyuma kwa saa nzima. Hayo ni mapatano ya watu kuhusu namna ya kuhesabu. Chini ya hesabu zote hizo tunaamini ipo sasa moja: ya Dar, ya Kalemie, ya mwezini, ya kila nyota.

Mwaka 1905 mwanafizikia Albert Einstein alionyesha kwamba imani hiyo haina mguu wa kusimamia.

Nianze na lililo jepesi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanapotandaza taa zao ziwani, ukisimama pwani huoni maji yanapoishia na mbingu inapoanzia. Siku hizi ni taa za betri. Mimi nilikua na karabai: niko mtumbwini na baba mdogo, napampu mpaka kiganja kinauma, taa inavuma kama nyuki, wadudu wanajigonga kwenye kioo, na chini yake dagaa wanapanda, maji yanameremeta kama yanachemka. Mtu aliye pwani, kilomita 20 kutoka kwetu, mwanga wa karabai ile ulimfikia kabla hajapepesa jicho, kwa mwendo wa kilomita 299,792 kwa sekunde. Ulimfikia umechelewa, lakini kidogo mno. Basi na ainue macho upande wa kusini, karibu na Msalaba wa Kusini, kwenye nyota angavu ya Alfa Kentauri. Mwanga huo ulianza safari miaka 4 na ushee iliyopita, mwanao alipokuwa anaingia kidato cha kwanza. Leo amemaliza cha nne. Taa na nyota zinaonekana pamoja, lakini kila moja inakuletea wakati wake.

Hapo mtu bado anaweza kusema: sawa, habari inachelewa, ila huko kwenye nyota kuna jambo linatokea sasa hivi hata kama hatulioni. Ndipo Einstein alipokata mzizi: sasa ya mahali pa mbali inategemea mwendo wa anayeihesabu. Watu wawili wanapishana barabarani, mmoja anatoka mjini kuja Ujiji, mwingine anatoka Ujiji kwenda mjini, mwendo wa kawaida wa kilomita 5 kwa saa. Tuseme galaksi ya Andromeda, mkusanyiko mkubwa wa nyota ambao mwanga wake husafiri miaka milioni 2.5 kutufikia, iko mbele ya mmoja na mgongoni mwa mwingine. Kila mmoja akipiga hesabu sahihi ya kile kinachotokea Andromeda katika dakika ile wanayopeana mikono, majibu yao yatapishana kwa zaidi ya siku 8. Wameshikana mikono, jamani! Na hakuna kati yao aliyekosea, wala hakuna wa tatu wa kuwaamua.

Msidhani ni mchezo wa karatasi. Saa zilizo kwenye setilaiti za GPS, huchelewa kidogo kwa sababu ya mwendo wake, lakini kwa kuwa mvutano wa dunia huko juu ni mdogo, kwa jumla hukimbia mbele ya saa za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku. Zisingerekebishwa, ramani ya simu yako ingepotea kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja tu.

Kwa hiyo nauliza: kama kilichopo ni sasa tu, ni sasa ya nani? Ya anayekuja Ujiji au ya anayekwenda mjini? Mtetezi wa sasa ana mlango mmoja wa kutokea. Anaweza kusema iko sasa moja ya kweli, ila hakuna chombo cha kuigundua, na hakitakuwapo. Siwezi kumzuia. Namwomba sababu tu, na sababu ninayopewa kila mara ni kwamba ndivyo tunavyohisi.

Lakini niseme kweli, fizikia niliijua baadaye. Kilichonifikisha hapa ni ardhi hii tunayoikanyaga. Karne ya 19 mahali hapa palikuwa kituo cha biashara ya watumwa. Watu walivushwa ziwa kutoka Kongo, wakapitishwa kwa miguu Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000. Livingstone na Stanley walikutana hapa mwaka 1871, na wao wana makumbusho, wana mnara, wana shajara zao walizoziandika kwa mkono. Mimi namfikiria mwanamke mmoja katika waliofungwa kamba, ambaye hakuna aliyeandika jina lake. Asubuhi moja njiani mtoto wake alilia, na yeye alimwimbia, au hakumwimbia. Hakuna mfupa, hakuna karatasi, hakuna mjukuu wa kusimulia. Hata hivyo moja kati ya hayo mawili ni kweli. Kweli hiyo imeshikwa na nini?

Anayesema kilichopo ni sasa tu atanijibu kwamba kweli ya jana imeshikwa na alama zilizobaki leo. Basi alama zikiisha, na kweli imekwisha. Hakuimba, wala hakunyamaza. Hapo nagoma. Nagoma kwa akili na nagoma kwa moyo, maana nikikubali, mfanyabiashara aliyefuta alama zote atakuwa amefuta na tendo lenyewe.

Profesa John Mbiti wa Kenya alichukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akayafanya msingi wa maelezo yake, aliyoyachapisha mwaka 1969, kuhusu Waafrika na wakati. Alieleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika Sasa, na akishakufa mtu wa mwisho aliyemjua, anazama katika Zamani. Ni maelezo mazuri, na ninamheshimu, ingawa wengine, kama Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga vikali pale alipodai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Langu na Mbiti ni jingine. Yule mwanamke hakumngoja mtu wa kumkumbuka ili awe ameimba. Kumbukumbu zetu ni deni letu kwake, si nguzo inayomshikilia.

Sasa kesho. Hapa natembea polepole, kwa sababu hoja ile ile ya wapita njia wawili inayonipa jana inanikabidhi na kesho. Siwezi kuchukua moja nikaiacha nyingine. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuliza: mtu akisema leo "kesho kutakuwa na vita vya majini", je, neno lake tayari ni kweli au si kweli? Sisi wa Kigoma hatuhitaji kubuni mfano. Tarehe 26 Desemba 1915 boti ya Wajerumani, Kingani, iliyotumwa kutoka bandari ya Kigoma, ilitekwa ziwani humu na boti za Waingereza zilizokuwa zimesafirishwa kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo, sehemu ya njia zikiburutwa nchi kavu. Tuseme usiku wa Krismasi baharia mmoja gatini alimwambia mwenzake: kesho kutakuwa na vita. Nasema alisema kweli. Wengi wanaogopa hapo, wanaona kadari imeingia, kwamba kama kweli ilikwishakuwapo jana yake basi nahodha hakuwa na hiari. Sioni hivyo. Neno la baharia halikumsukuma nahodha hata kidogo. Ni uamuzi wa nahodha asubuhi ile uliolifanya neno la usiku kuwa kweli. Kesho ipo, na sisi ndio tunaoifanya iwe ilivyo. Wazee wa misikitini mna maneno mengi juu ya hili, na nitakaa kuwasikiliza.

Machi 1955, alipofiwa na rafiki yake Michele Besso, Einstein aliiandikia familia ya marehemu kwamba kwa watu kama wao, wanaoiamini fizikia, tofauti ya jana, leo na kesho ni njozi tu, ingawa ni njozi isiyotaka kutoka. Mwezi uliofuata naye alikufa.

Wiki iliyopita jirani yangu mmoja, mama mjane anayekaanga mihogo jioni, alisikia nitazungumza mambo haya. Akaniuliza, "Kwa hiyo, mwanangu, mzee wangu yupo?"

Nikamwambia, "Leo hayupo, mama. Lakini pale alipokuwa akiuvuta mtumbwi mchangani alfajiri, nawe umesimama na ndoo, hapo yupo."

Akanyamaza. Akaigeuza mihogo upande wa pili, akapunguza moto.

"Hapo napajua," akasema.