Tairi za misimu yote kwa gari la umeme: soma ubavu kabla hujatoa hela

Mambo vipi jamani, karibuni tena. Leo niko nje hapa paking, Hamburg, mnaona mvua yenyewe hii ya kunyunyiza isiyoisha, digrii 6, na huyu nyuma yangu ni yule yule Tesla Model 3 wangu wa 2020 niliyemnunua mkononi. Mmeniuliza sana kwenye komenti, kaka we tairi unabadilisha mara mbili kwa mwaka au unafanyaje? Sibadilishi. Nafunga za misimu yote, ila mara ya kwanza nilichemka vibaya, kwaiyo leo twende taratibu hatua kwa hatua na ntawaonyesha nilipokosea ili we usipigwe.

Hatua ya kwanza, kabla hujafungua hata simu kuangalia bei, jiulize unaishi wapi na gari linaenda wapi. Tairi la kiangazi baridi ikishuka chini ya digrii 7 hivi mpira wake unakakamaa, haushiki. Tairi la baridi nalo ni laini, ukitembea nalo Julai linaisha kama sabuni. La misimu yote linakaa katikati, halina ubingwa popote ila linakutoa. Sasa hapa Hamburg ni tambarare, theluji ikianguka asubuhi mchana ishakuwa maji, mimi linanitosha kabisa. Lakini nina shemeji yangu yuko Garmisch, chini ya milima kule Bavaria, huyo nilimwambia shem usijaribu, nunua seti mbili, Wajerumani wana kanuni yao ya kuanzia Oktoba mpaka Pasaka tairi za baridi zinakuwa mguuni na kwa watu wa kule ina maana. Na nyie mnaonifuatilia kutoka Dar na Mombasa wenye magari ya umeme, habari za theluji ruka, ila hatua ya pili inawahusu moja kwa moja.

Hatua ya pili, na hapa ndo penyewe. Ngoja nichuchumae, nisogeze kamera, futa tope kidogo... haya. Mnaona? 235/45 R18, alafu pembeni 98Y, alafu XL. Watu wengi wanasoma mpaka hiyo 18 wanaishia hapo. 235 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, R18 ni saizi ya rimu, sawa. Ila hiyo 98 ndo mzigo! 98 maana yake tairi moja linabeba kilo 750. Y ni spidi.

Sasa kosa langu. Nlipata dili mtandaoni, tairi nne, saizi ile ile 235/45 R18, bei ya kutupa, nikasema Mungu kanikumbuka. Zikaja mpaka mlangoni, nikazipakia, nikaenda nazo kwa fundi tairi. Mzee wa watu akaligeuza la kwanza, akapitisha kidole ubavuni, akasimama, akaniangalia, akaenda kufungua mlango wa dereva akasoma kibandiko, akarudi akaweka kidole pale pale: 94. Hakusema neno, akatikisa kichwa tu. 94 ni kilo 670. Yaani kila tairi pungufu kilo 80, kwa zote nne kilo 320, na gari lenyewe tupu linakaribia tani moja na robo tatu manake betri imelala chini sakafu nzima, hapo hujaweka mama watoto, watoto na mchele wa mwezi. Hakufunga, na alikuwa sahihi, huruhusiwi kushuka chini ya namba ya mzigo ya gari lako, kupanda juu ruksa. Kuzirudisha nikalipa usafiri mimi. Dili ikafa.

Kwaiyo fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo kuna kibandiko, piga picha, alafu saizi na namba ya mzigo linganisha herufi kwa herufi, na tairi la gari la umeme mara nyingi utakuta linataka XL, yaani lililoimarishwa. Siku hizi kuna na HL, hilo linabeba zaidi hata ya XL, lipo kwa yale madude mazito. Kuhusu spidi, mwisho wa gari langu ni 225 kwa saa, V ni 240, inatosha.

Na usitishwe na muuzaji anayekwambia lazima liandikwe EV, yaani gari la umeme. Pirelli wanaandika Elect, Hankook wana familia nzima wanaiita iON na ya misimu yote ni iON FlexClimate, Tesla wenyewe wana alama ya T0. Ni nzuri, sikatai, zimetengenezwa kwa uzito huu na kwa zile pawa za ghafla, ukikanyaga pedeli nguvu yote inakuja papo hapo, ndo mana magari haya yanakula tairi. Ila si sharti. Mimi nimefunga CrossClimate 2 ya Michelin, haina EV ubavuni, namba ya mzigo ipo, yaishe.

Hatua ya tatu, tafuta mlima. Hapa, mnaiona hii picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu na ndani kipande cha theluji? Hiyo ndo inayotambulika Ujerumani. M+S, yaani matope na theluji, peke yake zamani ilikubalika, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 haitoshi tena barabara ikiwa na theluji au barafu. Polisi akikukuta kwenye hali hiyo bila huo mlima ni yuro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako, na ukifunga njia wenzio wasipite ni 80. Tairi linaweza likaandikwa All Season kwa herufi kubwa kabisa na mlima lisiwe nao, kwaiyo maneno achana nayo, tafuta picha.

Hatua ya nne ni ile stika ya Ulaya ya rangi rangi, kama ya friji. Ina vitu vitatu vya kuangalia. Cha kwanza mbingiriko, A mpaka E, tairi zito kubingirika linakula chaji, na we mwenye gari la umeme unaliona hilo kwenye kioo kabisa, kilometa zinapungua. Cha pili kushika kwenye maji, A mpaka E vile vile, na kwa mvua ya Hamburg mimi chini ya B sichukui, hata kama mbingiriko wake ni mtamu vipi. Ukibanwa na hela mpaka ikabidi uchague kimoja, chukua la kushika kwenye maji, chaji utaongeza. Cha tatu kelele kwa desibeli. Kwenye gari la mafuta hii usingeijali, injini inafunika, huku injini hakuna, kinachobaki masikioni ni tairi na upepo. Kuna matairi yana sponji imegandishwa ndani kupunguza mvumo, ni matamu, ila ukipata pancha fundi inabidi aikwangue kwanza ndo azibe, na wengine hawataki hiyo kazi kabisa, uliza kabla.

Hatua ya tano fupi. Ubavuni tafuta DOT, mwishoni kuna tarakimu nne kwenye kiduara kama yai. Yangu ni 2325, yaani wiki ya 23 mwaka 2025. Ukiona 19 au 20 mwishoni na muuzaji anasema jipya, mwachie.

Haya kufunga. Kama unapeleka gereji hakikisha wana raba za kuwekea jeki za gari lako, manake chini ya hili gari kuna matundu manne maalumu pembeni, jeki ikiwekwa ovyo inasukuma betri, na betri ikibonyea hapo hatuongelei tena hela ya tairi. Mimi raba zangu hizi hapa, nne, nne zote zinaingia mfuko wa koti, natembea nazo. Kashata za hili tairi zimekaa kama V, kwaiyo ubavuni kuna mshale wa kuzunguka, likifungwa kinyume maji halitoi vizuri, we mwenyewe zunguka gari uangalie mishale yote minne inaelekea mbele, usione aibu, fundi ni binadamu. Nati za hili gari ni nyutoni mita 175, kwa spana ya kupimia, sio ya kurukia na mguu. Upepo kibandiko changu kinasema bar 2.9, pima tairi zikiwa baridi, na baridi ikiingia unashuka wenyewe kwaiyo Novemba pima tena.

Hili langu linasukuma kwa nyuma, kwaiyo za nyuma zinaisha kwanza, kila kilometa 10,000 nazihamisha, za nyuma mbele za mbele nyuma, upande ule ule sababu ya mshale. Na kipimo changu ni hiki hapa, sarafu ya yuro mbili. Naichomeka kwenye mfereji... mnaona ule ukingo wa fedha? Ni kama milimita 4. Ukimezwa wote bado uko salama. Ukianza kuchungulia, sheria inakuruhusu mpaka 1.6 lakini kwenye maji na theluji mimi hapo nshaanza kutafuta mengine.

Za leo mpya, sarafu imezama. Naelekea Lübeck sasa, ni kama kilometa 60 na kitu, nikifika nakaza nati tena, kila ukifunga tairi fanya hivo baada ya kilometa 50 hivi. Spana iko buti. Haya ngoja niwashe gari... kuwasha nini sasa, naingia tu naondoka.