Mwezi wa Shravan Gujarat: kweli mpangaji anapangiwa cha kula?

Habari zenu familia, karibuni tena. Kila video ninayoweka swali ni lile lile: "Dada, kweli ukikaa na Wahindu huko unakatazwa kupika?" Leo nalijibu kwa kirefu. Sijaja kuringa kwamba naijua India, wala sijaja kumsema mtu aliyenipa chumba. Naongelea jimbo la Gujarat, huku mji wa Vadodara, nyumba ambayo mpangaji anatumia jiko moja na familia. Ukienda Kolkata utakuta hata Wabrahmin, watu wa tabaka la makuhani, wanakula samaki, kwa hiyo msije mkaninukuu kwa India nzima.

Katazo la vitunguu na nyama mnalijua tayari, nalipita. Kinachowaponza wageni ni kuonja. Mama mwenye nyumba anaoga ndipo anaingia jikoni, na akimaliza kupika, sehemu ya kwanza inapelekwa mbele ya miungu ya nyumbani, pamoja na taa ya utambi wa pamba na samli. Familia inakula baada ya hapo. Kwa hiyo anayepika haonji kabisa. Chumvi anaikadiria kwa vidole. Wewe ukichovya kijiko, ukaonja, ukakirudisha sufuriani, chakula chote kimeshaingiwa na mate, hakifai tena kutolewa, na hapo kinapikwa kingine. Ukitaka kuonja, subiri sadaka itolewe, kisha mimina kidogo kwenye kiganja.

Sasa misimu. Kuanzia Juni au Julai hadi Oktoba au Novemba kuna miezi minne inaitwa Chaturmas. Wanaamini mungu wao Vishnu amelala, na harusi zinasimama. Anayefuata yote anaacha mboga za majani mwezi wa kwanza, mtindi wa pili, maziwa wa tatu, na jamii ya dengu wa nne. Wanaofika huko ni wachache, mara nyingi bibi wa nyumba. Ila katazo la majani linashika nyumba nyingi, na sababu wanayokupa inaeleweka: ni masika yao, wadudu wanajificha kwenye majani. Usilete mchicha kutoka sokoni mwezi huo halafu ukashangaa hakuna anayeugusa.

Ndani yake kuna Shravan, mwezi wa mungu Shiva, na wengi wanafunga Jumatatu. Kufunga kwao si kama Ramadhani. Wanakula, lakini si ngano, wala mchele, wala kunde, na chumvi ni ile ya mawe. Vinavyobaki ni viazi, viazi vitamu, karanga, matunda, maziwa, unga wa mbegu za mchicha wanaouita rajgira, na sabudana, chembe ndogo nyeupe ambazo huku zinatengenezwa kwa wanga wa muhogo. Wagujarati waliotoka kwetu Afrika Mashariki wanakula hata mihogo yenyewe siku hizo, maana ni mzizi.

Mnaniomba sana mapishi ya sabudana, basi shikeni. Kikombe kimoja, osha mpaka maji yatoke safi, yasiwe na rangi ya wanga, kwa sababu ile vumbi ya wanga ndiyo inayogeuza kila kitu gundi. Weka maji yafike usawa wa chembe tu, yasizidi, uache saa tano au sita. Bonyeza chembe moja kwa vidole: ikipondeka yote iko tayari, ikibaki na kiini kigumu nyunyiza maji kidogo usubiri tena. Changanya nusu kikombe ya karanga zilizokaangwa na kutwangwa, chumvi ya mawe, sukari kidogo. Kaanga bizari nyembamba na pilipili mbichi kwenye samli, weka viazi vilivyochemshwa, ndipo sabudana. Usifunike, mvuke unazishikanisha. Zikianza kung'aa kama kioo, zima moto, kamulia ndimu.

Siku ya kujiandaa nayo mapema ni Shitala Satam, siku moja kabla ya Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa mungu Krishna. Jiko haliwashwi kabisa. Jana yake, Randhan Chhath, wanapika mpaka usiku: thepla na puri (aina za mikate bapa), vada (vitafunio vya kukaanga) za unga wa uwele, viazi visivyo na mchuzi. Kisha jiko la gesi linaoshwa mpaka lote ling'ae, linapakwa alama ya kumkum, unga mwekundu wa ibada, linawekewa maua. Baada ya hapo usiliwashe hata kwa chai. Ni heshima kwa Shitala, mungu wa kike aliyeombwa zamani dhidi ya ndui. Chagua chakula kisicho na maji maji, maana joto la Agosti linachachua mchuzi kabla ya asubuhi.

Tarehe nazo zinahama. Janmashtami ilikuwa 26 Agosti mwaka 2024, 16 Agosti 2025, na 2026 inarudi Septemba, kwa sababu wanaongeza mwezi mzima kila baada ya miaka kama mitatu. Omba kalenda ya Kigujarati dukani, msitegemee ya mwaka jana.

Mambo ya hela: unga wa rajgira ni ghali kuliko wa ngano, na msimu wa mifungo unapanda zaidi. Lakini makaratasi ndiyo yanaumiza. Mwenye nyumba anatakiwa kutuma taarifa ya mgeni ofisi ya wageni ndani ya saa 24, wengi tunaiita Fomu C, na wapo wanaochukua amana yako vizuri, halafu fomu ni kesho, kesho. Mimi hilo limeniuma na bado linaniuma. Usitoe hela kabla hajaijaza mbele yako. Mkataba wa miezi 11 ukiisha karibu na Diwali, sikukuu yao ya taa, uhuishe kabla, kwa sababu maduka na ofisi nyingi za watu binafsi Gujarat zinafungwa mpaka Labh Pancham, siku ya tano ya mwaka wao mpya.

Na kuhusu nyama: kwa nyumba ya aina hii, kula mgahawani, usirudi na mabaki kwenye friji yao. Nyumba yako ikiwa na utaratibu mwingine, fuata wa hapo.