Askari wa Mwisho Asiingie Gizani

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote, na wazazi waliowasindikiza wanao, karibuni sana.

Mada niliyopewa ni ndefu: namna ya kuifikisha mwisho gemu ya zamu ambayo askari akifa amekufa. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, na wanajua muda wangu mwingi utaishia hapo hapo. Nimelisema Kibokoni, nimelisema Kisauni, na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa kompyuta na kijana aliyenuna, ananifungulia ule ukuta wa marehemu uliojaa majina, kisha ananiambia, "Bahati mbaya tu, kaka." Neno hilo bahati nimelichoka. Mtu akiniruhusu nimuulize maswali mawili matatu kuhusu zamu ile, tutampata aliyekiua kikosi chake, na mara nyingi hatakuwa adui.

Gemu yenyewe ni XCOM, ambamo unaongoza kikosi cha askari kupigana kwa zamu na wavamizi kutoka anga za juu; zaidi ya hapo sitaieleza, asiyeijua amuulize aliyekaa kando yake. Nazungumzia ile ya 2012 ya kampuni ya Firaxis, ambayo wengi wenu mnayo na kompyuta ya kawaida inaimudu, na nazungumzia ikichezwa kwa Ironman: faili moja, gemu inajisevu yenyewe, hakuna kurudi nyuma.

Sasa nisikizeni. Askari wa mwisho katika zamu yako asikanyage mahali ambapo macho ya kikosi chako hayajafika. Ukilishika hili moja ukasahau mengine yote nitakayosema, utaishi kuliko yule atakayeshika yote akalisahau hili.

Kwa nini? Maadui hawakungoji wote kwa pamoja. Wako vikundi, wawili wawili, watatu watatu, na kikundi ambacho hakijakuona hakina habari nawe. Pale askari wako mmoja anapokiona, kinapewa hatua ya bure: wanatawanyika, wanakimbilia nyuma ya magari na kuta, hata kama zamu ni yako. Risasi hawapigi. Wanajibanza tu, kisha mchezo unarudi mikononi mwako. Hapo ndipo penye suala zima: aliyewafungua ni nani? Kila askari ana matendo mawili kwa zamu, na kupiga mbio kunayala yote mawili. Kama ni askari wa kwanza, na alikwenda hatua fupi badala ya kupiga mbio, yeye bado ana tendo moja, na nyuma yake wako watatu wenye matendo mawili kila mmoja. Jumla saba. Kwa matendo saba unarusha guruneti, unazunguka ubavuni, unamaliza wawili na wa tatu unamwacha hajui aelekee wapi. Lakini kama aliyewafungua ni askari wa nne kwa kupiga mbio, na wenzake wameshapiga, huna tendo hata moja. Zamu inageuka, na watu watatu waliokwisha kujificha vizuri wana nafasi nzima ya kukumaliza.

Nitoe mfano, wa kijana mmoja aliye humu ndani, na amenipa ruhusa. Ramani ni ile ya kituo cha petroli. Kikosi ni cha watu wanne. Amebakiza Sectoid wawili, wale wavamizi wadogo wa mwanzo, mmoja nyuma ya gari dogo, mwingine kwenye kona ya ukuta wa duka. Askari wa kwanza anapiga kwa asilimia 65, anakosa. Wa pili anarusha guruneti; yule wa nyuma ya gari anakufa, na gari linashika moto. Wa tatu anauzunguka ukuta na kumpiga yule mwingine ubavuni. Uwanja mtupu. Amebaki mwenye sanduku la dawa, hajatumia tendo hata moja. Kijana anafurahi, anasema, hebu nimsogeze huyu mbele tusipoteze muda. Anampigisha mbio, matendo yote mawili, mpaka kwenye pampu ya mwisho. Kutoka pale barabara yote ya nyuma inaonekana, na barabarani wamesimama Thin Man watatu, wale wavamizi wenye umbo la mtu na sumu mdomoni.

Wanatawanyika. Mmoja anaruka juu ya paa. Zamu inageuka. Wa kwanza anamtemea sumu mwenye dawa. Yule wa juu ya paa anampiga askari aliyeuzunguka ukuta, ambaye kwa upande ule hana kinga yoyote, na risasi inampata vibaya. Wa tatu anammalizia mwenye dawa. Waliobaki ni wawili, na mmoja wao amejibanza kando ya gari lile linalowaka. Kijana anahangaika na Thin Man wa paani, gari analisahau, na gari linalipuka.

Nikamuuliza, bahati mbaya iko wapi hapo? Akanionyesha ile risasi ya asilimia 65. Lakini ile risasi wenzake walikwisha kuitengeneza! Ilikosa, wakafanya kazi yake, uwanja ukawa mtupu. Kikosi kilikufa kwa sababu ya mtu ambaye hakuwa na kazi, akatafutiwa kazi. Angebaki alipo. Angejaza risasi. Angevizia, yaani akae na bunduki tayari ili adui akisogea kwenye zamu yake apigwe. Shabaha ya kuvizia ni hafifu kuliko ya kawaida, lakini ni bure. Angeweza hata kurudi nyuma! Hakuna sheria inayosema askari aliyebaki lazima aende mbele. Niambieni, hii tabia tumeitoa wapi, kwamba mkono ukiwa mtupu lazima ushike kitu?

Najua kuna mtu anataka kusema, "Ukicheza hivyo utachelewa." Utachelewa wapi? Ukiacha misheni za kutegua bomu na chache za namna hiyo, gemu ile haikuhesabii saa. Adui aliyelala atakungoja mpaka kesho. Waliotengeneza wenyewe waliliona hili, ndiyo maana katika nyongeza ya 2013, Enemy Within, wakaweka yale makopo ya Meld, mali ya kuimarishia askari, yanayoharibika usipoyafikia kwa zamu chache. Makopo yale yanalenga hasa askari wako wa mwisho. Yamewekwa pale ili umtume mbio. Na kwenye XCOM 2, mwaka 2016, misheni nyingi zikawekewa saa kabisa. Sawa, huko utakwenda haraka, lakini aanze yule wa kwanza, kwa hatua fupi, wengine wakiwa bado na matendo yao. Saa haibadilishi mpangilio. Inakubana tu uufuate kwa haraka zaidi.

Mwingine atasema kompyuta inaiba. Hili nalisikia kila siku: "Asilimia 90 na amekosa!" Mwanangu, asilimia 90 maana yake mara moja katika kumi utakosa. Piga risasi kumi za asilimia 90, na uwezekano wa kukosa angalau moja ni karibu asilimia 65. Yaani katika kila kumi tarajia kukosa, usishangae. Sasa misheni moja ina risasi ngapi? Na misheni ziko ngapi? Anayelia kwa sababu ya risasi ya 90 alipanga zamu yake kana kwamba ni 100. Kabla hujabonyeza, jiulize: hii ikikosa, nani atakufa? Kama jibu ni mtu unayemtegemea, usibonyeze, tafuta njia nyingine. Guruneti haikosi. Inatoa uhai wa pointi tatu, na Sectoid wa ngazi ya kawaida ana tatu. Mtu anabania guruneti mfukoni mpaka anazikwa nayo! Zinarudi zote misheni inayofuata, unambania nani?

Na kinga, yaani ukuta au gari unalojibanza nyuma yake. Askari mpya ana shabaha ya 65. Mlengwa akiwa nyuma ya kinga nusu unatoa 20, inabaki 45. Kinga kamili unatoa 40, inabaki 25. Akijikunyata nyuma ya kinga kamili, ile 40 inakuwa 80, na hapo kumpata karibu hakuwezekani. Ukimzunguka ubavuni, zote zinafutika, na risasi ya kuumiza zaidi inakuwa rahisi. Hesabu hiyo hiyo adui anaifanya juu yako, na yeye hachoki wala hafurahi kupita kiasi. Kwa hiyo ukitafuta pa kumweka mtu, tazama kwanza yeye ataonekana kutoka wapi, ndipo utazame atampiga nani. Wengi mnaanza na la pili, na la kwanza hamlifikii.

Kuna wenye kuniuliza kwa nini tujitese, mbona tusisevu na kulodi kama wengine. Chezeni mpendavyo, sikatazi. Michezo hii tangu asili ilijengwa na kifo cha kweli. Fire Emblem ya kwanza ya Nintendo ilitoka Japani 1990, na aliyekufa humo hakurudi. Ilipita miaka 20, mpaka 2010, ndipo mfululizo ule ukawa na namna ya kucheza ambayo walioanguka wanarudi baada ya vita. Gemu ya mbunifu Julian Gollop ya 1994, mama wa hii tunayozungumza, ilikuwa inaua askari kumi kwa jioni moja. Lakini sababu yangu si historia. Ukilodi, unajifunza jibu la zamu ile moja tu. Unajua kwamba nyuma ya pampu kuna Thin Man. Ramani nyingine, hujui kitu. Anayecheza bila kurudi nyuma analazimika kujifunza namna ya kuingia mahali popote asipopajua.

Na hapa niseme jambo kuhusu sisi watu wa pwani. Tumekua tukitazama bao barazani. Bao linaanza na kete 64 na linaisha na 64. Kete uliyoliwa haitoki. Inasambazwa upande wa mwenzako, nawe ukipata mtaji unaila tena. Hasara ya bao ni kama mkopo. Nimeona mafundi wa bao, watu wenye kuona mbele sana, wakikaa kwenye gemu hii na kumtoa askari mmoja kwa hiari ili wapate nafasi nzuri, wakiamini watafidia. Hawafidii. Askari uliyemlea mpaka akawa na shabaha nzuri na ujuzi wake, akifa, anayechukua nafasi yake ni yule wa 65. Yule anakosa. Akikosa, adui anabaki hai. Adui akibaki hai, anamuua wa pili uliyemlea. Misheni ya tatu unapeleka wanne wapya, na hapo gemu imeshakwisha ingawa bado inakuruhusu kubonyeza. Faili nyingi ninazoletewa hufa hivyo, misheni mbili tatu kabla ya mwenyewe kujua.

Dawa yake ni mbili na nitazitaja haraka, maana naona naonyeshwa saa. Moja, katika kila misheni nyepesi peleka mgeni mmoja na wazoefu watatu, ili wakati wa majeruhi uwe na watu. Majeruhi hulala siku nyingi, na ukiwa na kikosi kimoja tu kizuri huna kikosi. Mbili, kurudi. Kile kituo mlichoshukia ndege kipo kwa sababu. Rudisha watu pale, ondoka, kubali kushindwa misheni. Hofu ya nchi itapanda, utaipunguza baadaye. Nasema hili na najua hamtalifanya, kwa sababu kijana wa Mombasa kuambiwa alikimbia ni heri azikwe. Lakini wale wako kwenye skrini, hakuna atakayewacheka, na misheni ijayo utawahitaji.

Upande wa dunia, yaani nje ya vita, setilaiti, setilaiti, setilaiti, maana ndizo zinazotuliza hofu ya nchi. Nchi zinazokufadhili ziko 16, zikikuacha nane umeshindwa hata kama askari wako wote ni wazima. Jenga mapema, lakini usizirushe ovyo mwanzoni mwa mwezi. Ngoja mwisho wa mwezi uone nchi gani inaungua kwa hofu, ndipo urushe huko. Ndiyo, Afrika ina Misri, Nigeria na Afrika Kusini tu, Kenya hatumo, mmeniuliza na mimi pia inaniudhi.

Chryssalid, wale wavamizi wenye makucha, nilitaka kuwapa nafasi yao lakini sitaweza. Jueni tu kwamba akikukaribia hapigi risasi, anakuja mwenyewe, na raia aliyemuua atainuka kukufuata. Wekeni watu mbali mbali, muwe na njia ya nyuma, na mpigeni yeye kwanza.

La mwisho ni la hapa hapa mjini. Faili ya Ironman ni moja. Stima ikipotea wakati inaandikwa, huenda ukaikuta imeharibika, na hakuna nakala. Mwenye laptopu ahakikishe betri inakaa. Mwenye kompyuta ya mezani atafute betri ya akiba kabla ya kuanza, si baada ya kulia. Maswali nitayajibu pale kwenye meza za nyuma, kompyuta zimeshawashwa. Wa Likoni waanze wao, wasije wakachelewa feri.