Venice: Samaki wa Bei ya Gramu Mia

Asalaam aleikum, na habari za huko nyumbani, watazamaji wangu. Wengi wenu mliziona picha nilizoweka kutoka Venice, mifereji, mashua nyeusi na mimi nimesimama darajani na baibui langu la bluu, mkaandika kwamba dada yenu anakula bata Ulaya. Leo nimerudi mezani kwangu hapa Leicester, Uingereza, na nimeshika risiti ya chakula cha siku hiyo, ili muone wenyewe kati yangu na Venice ni nani aliyemla mwenzake.

Tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, na tangu asubuhi tulikuwa tumezunguka kwa miguu tukiwa na biskuti tu tumboni. Tulipoanza kutafuta chakula ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, na hapo nakiri kosa lilikuwa langu, kwa sababu Italia migahawa mingi inayojiheshimu hufunga jiko kama saa nane na nusu mchana na kulifungua tena kama saa moja usiku. Inayobaki wazi kutwa nzima karibu na uwanja wa San Marco kwa kawaida inamsubiri mgeni asiyejua ratiba, yaani mimi. Mlangoni alisimama kijana mwenye menyu ya picha na lugha sita, akituita kwa bidii ya mpiga debe wa stendi anayetafuta abiria wa mwisho, ila mpiga debe wa kwetu angalau ukimwuliza nauli hukutajia.

Baada ya kukalishwa tulisahauliwa kwa dakika arobaini. Mhudumu alipita mara nyingi akitazama juu ya vichwa vyetu, na alipofika hatimaye hakutusalimu, akauliza tu kama tunataka samaki au tambi. Nilimwuliza ni samaki gani aliyevuliwa leo, akajibu kwamba wote ni wa leo. Niliagiza samaki wa kuchoma wanayemwita branzino, na wifi akaagiza tambi zenye kombe wadogo wanaowaita vongole.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Tanga. Nimetumwa samaki pale soko la Deep Sea tangu sijajua kusoma, na samaki aliyelala kwenye barafu miezi kadhaa hawezi kunidanganya, kwa kuwa nyama yake huwa kavu na huchambuka kama pamba. Nilipoirudia menyu nikaona kando ya jina lake kanyota kadogo, na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kumtesa mtu mwenye miwani, imeandikwa kwamba kanyota maana yake bidhaa iligandishwa. Migahawa ya Italia inatakiwa kumjulisha mteja jambo hilo, kwa hiyo karatasi ilisema kweli na mhudumu ndiye aliyesema uongo. Sina ugomvi na samaki wa barafu, hata mimi hapa Leicester ndiye ninayemla, lakini simli kwa bei ya aliyetoka baharini asubuhi. Tambi za wifi zilikuja zimepoa, na kombe watano kati yao walikuwa wamefumba kabisa, ilhali mtu yeyote wa pwani anajua kwamba aliyekataa kufunguka jikoni hatiwi sahani ya mgeni.

Sasa tusome risiti. Samaki ni yuro 58.50. Mimi nilikuwa nimeona 9 kwenye menyu nikafurahi, sikuiona alama ya hg iliyofuata, ambayo ni gramu mia moja, nao wanaiita etto. Samaki wangu, kwa mujibu wao, alikuwa na gramu 650, na mizani hiyo sikuonyeshwa. Tambi ni yuro 19, maji 6, huduma asilimia 12, ambayo ni yuro 10.02 kwa huduma niliyoieleza. Kisha kuna neno coperto, yuro 4 kwa kila mtu, malipo ya kuketi mezani na kuletewa mkate. Hayo ni desturi ya zamani na ni halali sehemu nyingi za Italia mradi yameandikwa kwenye menyu, ingawa mkoa wa Lazio, ulipo mji wa Roma, uliyapiga marufuku mwaka 2006. Jumla ni yuro 101.52, zaidi ya laki mbili na nusu za Tanzania, na tulitoka na njaa.

Hapakuishia hapo. Mashine ya kadi iliuliza kama nalipa kwa yuro au kwa pauni, na mhudumu akanibonyezea pauni kabla sijaisogelea. Ukikubali sarafu ya nyumbani kwako, anayepanga kiwango cha kubadilisha ni mwenye mashine na siyo benki yako. Nilikatwa pauni 91, wakati benki yangu ingenikata kama 87.

Jambo moja nisimsingizie mhudumu. Bili ilichelewa, na wifi alilihesabu hilo kuwa dharau, lakini kwa Waitalia kumletea mgeni bili ambayo hajaiomba ni kama kumfukuza. Hayo mengine yote ni yake.

Nimejiuliza sana kwa nini mji wenye bahari mlangoni ulishe watu hivyo. Mwaka 1951 sehemu ya kale ya Venice, ile ya katikati, ilikuwa na wakazi takriban elfu 175, na tangu 2022 wamebaki chini ya elfu 50, huku wageni wakimiminika hadi mji ukaanza, Aprili 2024, kuwatoza yuro 5 wanaoingia na kutoka siku hiyohiyo katika baadhi ya siku. Mama ntilie wa Ngamiani, kwetu Tanga, akikupa wali mbichi leo, kesho ataonana nawe na mtaa mzima utakuwa umesikia. Mwenye meza karibu na San Marco hana haja ya kunipendeza, kwani anajua hataniona tena. Januari 2018 dunia nzima ilisoma habari za wanafunzi wanne wa Kijapani waliotozwa zaidi ya yuro 1,100 katika mji huohuo kwa nyama, samaki wa kukaanga na maji, na meza zile hazikukosa watu.

Kesho yake tulikwenda upande wa Cannaregio, mbali kidogo na msongamano, tukaingia kwenye kibaraza kidogo wanachokiita bacaro. Watu hula wamesimama, wengi na glasi ndogo ya divai, sisi na maji yetu. Niliuliza kwanza kipi hakina nguruwe, na mzee wa kaunta akanionyesha kimoja kimoja kwa kidole. Tulikula sardini waliolazwa kwenye siki, vitunguu na zabibu kavu, utamu na uchachu pamoja kama achari ya bibi, kila kipande yuro 2. Siku ya tatu, nilipochungulia tu mlangoni, mzee yule alikuwa ameshaanza kupakua sardini.