Nyanya Inaponyauka Ikiwa Bado Kijani
(Mhadhara kwa wakulima wa bustani, Nansio, Ukerewe)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Mche huu nimeung'oa leo alfajiri kwenye bustani iliyo karibu kabisa na ziwa. Utazameni. Majani ni ya kijani, hayana doa wala umanjano, lakini yamelegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Mwenye bustani ameshapiga dawa ya ukungu mara tatu, na nyanya zinazidi kulala.

Sasa nakata kipande cha shina karibu na mizizi, urefu wa kidole. Nakishikilia kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa ndani ya maji. Tusubiri dakika chache, asiitikise mtu. Mama uliyekaa mbele, hebu tazama ukielekea kwenye mwanga. Umeona uzi mweupe unashuka, kama tone la maziwa? Hao ni bakteria. Wanakaa udongoni, wanaingia kupitia mizizi, kisha wanaziba mishipa inayopandisha maji. Mche unakufa kwa kiu na udongo umelowa. Huu ndio mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Nilikwenda duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya ukungu bila kuulizwa hata dalili. Nilipiga wiki baada ya wiki mpaka bustani ikaisha. Glasi moja ya maji ingeniokolea fedha ile yote.

Uzi usipotoka, pasua shina kwa urefu. Ukikuta ukahawia ndani, na majani ya chini yalitangulia kuwa manjano, pengine upande mmoja tu, fikiria mnyauko fusari. Huo ni ukungu wa udongoni, nao una mbegu zinazouvumilia. Lakini usidhani mbegu hiyo itavumilia na bakteria.

Sisi wa visiwani ardhi yetu ni finyu, kwa hiyo nyanya tunazirudisha palepale penye maji. Mwingine anasema, "Mimi nimebadilisha zao, nimepanda bilinganya." Ndugu yangu, hujabadilisha. Bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, hata mnavu, ni ukoo mmoja na nyanya. Weka mahindi, mtama au vitunguu, na usiishie msimu mmoja, maana bakteria hawa hudumu udongoni miaka. Mfereji nao tuuogope: maji yakipita kwa mche mgonjwa yanaufikisha ugonjwa mpaka mwisho wa tuta. Afadhali keni ya kumwagilia, shina kwa shina. Na unapopalilia usikate mizizi, kwani kila kidonda ni mlango. Ukitoka kwenye sehemu yenye ugonjwa, osha jembe.

Bakajani, ugonjwa wa ukungu unaotia majani mabaka, ni habari nyingine, hapo dawa inasaidia. Ziko aina mbili. Bakajani chelewa hupenda ubaridi na unyevu: siku za mawingu wakati wa masika, umande umekaa majanini mpaka saa tatu. Jani linapata mabaka kama limeungua, na asubuhi upande wa chini unakuta utando mweupe. Ndiyo iliyoteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, kwa hiyo isikushangaze ikimaliza bustani yako kwa siku chache. Bakajani tangulia hupenda joto, huanzia majani ya chini, na doa lake lina duara ndani ya duara. Mankozebu, dawa ya ukungu inayokaa juu ya jani, ni kinga, ipigwe kabla ugonjwa haujaingia. Dawa zinazopenya ndani ya jani, kama metalaksili, usizirudie peke yake msimu mzima, ukungu utazizoea. Ila dawa bila hewa ni kazi bure. Panda kwa nafasi, simika miti ya kuegemeza mashina, punguza majani ya chini, tandaza nyasi ili mvua isirushe udongo majanini.

Rasta ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe. Mche ukijikunja ungali mdogo, ung'oe mapema. Kantangaze ni mdudu, tutampa siku yake.

Mche huu wa mnyauko usiutupe ziwani, wala usiuweke kwenye mboji. Ung'oe pamoja na udongo wa mizizi, uubebe kwenye ndoo, ukauchome mbali na bustani. Jirani yako ana mashine ya maji, na bomba lake limezama palepale unapotaka kutupa.