Na wenzao walipakwa nini?

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Mlioko kule kwenye mwembe sogeeni bwana, jenereta inanguruma na hii maiki naona inakatakata.

Mimi mnanijua, hata nisipojitambulisha mikono inanitambulisha. Ilianza na kidoa cheupe hapa kwenye kidole gumba nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, leo ni kama nimevaa glavu. Mbalanga, ngozi kupoteza rangi yake. Wazee wa hapa Dunda wanaiita barasi, hospitali wanaiita vitiligo, watoto wa shule wana jina lao ambalo sitalitaja mbele ya sheikh. Na sitaanza na habari ya kwamba haiambukizi, hilo nimelisema kuanzia Kaole mpaka Kiwangwa, asiyetaka kunipa mkono abaki na wake. Wala habari ya samaki na maziwa, eti ukivila pamoja unapata madoa. Bibi yangu alitukataza kula vyote siku moja, nikamtii, haya angalieni mikono yenyewe.

Leo nataka swali moja tu. Mtu akikuletea dawa ya mbalanga, iwe ya kopo, ya chupa au ya kwenye simu na picha za kabla na baada, muulize: wamepona wangapi kati ya wangapi, na wenzao walipakwa nini? Najua ni maswali mawili, msinihesabie.

Sasa nani kanifundisha hilo swali? Sio chuo cha unesi. Ni mama mmoja wa hapahapa. Mnakumbuka utafiti wa chanjo ya malaria ulioanza 2009, ile iliyofanyika nchi 7 za Afrika, vituo 11, viwili vya kwetu, hapa Bagamoyo na Korogwe kule Tanga? Watoto zaidi ya 15,000. Nilikuwa nesi kwenye kazi ile. Watoto waligawanywa kwa kura ya kompyuta, sio mimi wala daktari aliyechagua, wengine wakapata chanjo ya malaria na wengine wakapata chanjo nyingine kabisa. Hawa wa miezi mitano mpaka kumi na saba, ile nyingine ilikuwa ya kichaa cha mbwa. Mama aliambiwa hayo siku ya kusaini, lakini nyie si mnajua mtu anayesaini huku mtoto analia mgongoni, anasikia nusu. Siku anaambiwa mwanae alipata ipi, alinijia mpaka mlangoni kwangu, kanga kaifunga kiunoni, ile ya ugomvi. "Nesi! Mwanangu na mbwa wapi na wapi?"

Nikamkalisha. Nikamwambia mama, mwaka ule mvua zilikuwaje? Vyandarua si viligawiwa? Malaria inaweza kupungua yenyewe bila chanjo yoyote, sisi tukaruka juu kwa furaha tukasema chanjo hiyo! Tungejuaje? Tunajua kwa kumwangalia mwanao. Aliyechanjwa na asiyechanjwa wamenyeshewa mvua moja, wameumwa na mbu walewale. Ikitokea tofauti kati yao, hiyo tofauti ndio chanjo. Na ikaonekana kweli, mwaka wa kwanza hawa wa miezi mitano mpaka kumi na saba, waliopata chanjo ya malaria waliugua karibu nusu ya wenzao. Bila mwanao tusingejua kitu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo mwanangu ndo alikuwa mizani." Jamani, mimi nimekaa semina ngapi, hakuna aliyelisema vizuri hivyo. Mizani!

Kuna kijana pale anatingisha kichwa, najua anachowaza. Eti tulifanywa panya. Mwanangu, panya hasomewi fomu, panya hasemi leo sitaki narudi nyumbani na akaachwa aende. Na utafiti wa dawa nchi hii hauanzi mpaka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, waukubali na TMDA, mamlaka ya dawa, nao waukubali, kinachoanza bila kibali ni kopo la sokoni. Alafu chanjo ya kichaa cha mbwa sio maji ya chumvi, mbwa wa Magomeni mnawajua.

Haya, turudi kwenye mbalanga. Zamani, kabla ya hiyo kazi, nilinunua krimu kwenye duka moja la dawa, silitaji, kopo halina hata lebo. Muuzaji kanionyesha picha ya binti mmoja aliyepona. Binti mmoja! Na mimi nesi mzima nikatoa hela. Wiki ya tatu mkono umebabuka, nashindwa hata kukuna nazi. Sikuuliza wangapi, sikuuliza mizani iko wapi.

Sasa sikilizeni utafiti wenye mizani. Kuna krimu inaitwa ruksolitinibu, Marekani waliipitisha Julai 2022 kuwa dawa ya mbalanga kwa watu wa miaka 12 na kuendelea. Walifanya majaribio mawili Marekani, Kanada na Ulaya, jumla watu 674. Katika kila watatu, wawili walipewa krimu yenye dawa, mmoja akapewa krimu tupu, rangi ileile, tyubu ileile, na anayepaka hajui, daktari hajui. Asubuhi na jioni kwa wiki 24. Kisha wakahesabu: nani amerudishiwa angalau robo tatu ya rangi iliyopotea usoni? Waliopaka dawa, karibu 30 kati ya 100, majaribio yote mawili. Waliopaka krimu tupu, 7 kati ya 100 kwenye jaribio moja na 11 kwenye lingine.

Hapo kwenye 7 na 11 ndipo nataka tukae. Watu wamepaka krimu isiyo na kitu na uso umerudi! Kwa sababu mbalanga inaweza kurudisha rangi yenyewe mahali, na jua nalo linasaidia. Sasa yule wa kopo akiuzia watu 100, hata kama kopo ni mafuta ya nazi na manukato, atawapata wachache wa kuwapiga picha na kuwatembeza kijiji kizima. Hasemi uongo! Wamepona kweli. Waliobaki hawana picha, wako ndani wamejitanda mitandio. Mama mwenye kanga nyekundu unacheka, unamjua eh?

Na msidhani 30 ni kidogo. Wakaendelea kupaka mpaka mwaka, wakafika karibu nusu. Ni polepole, ndo maana mtu akikuahidi wiki mbili mkimbie.

Inafanyaje kazi? Mnawaona mgambo wanavyovunja vibanda vya mama ntilie? Mwili una mgambo wake, kazi yao kupambana na wadudu, kwenye mbalanga wanavamia seli za rangi ambazo hazina kosa. Wakifika wanapiga simu, njooni wengi huku. Krimu hii inakata simu. Haiwafukuzi kazi, simu tu, ndo maana ukiacha kupaka madoa yanaweza kurudi.

Rangi ikirudi inaanzia kwenye vinyweleo, maana seli za akiba zimejificha kwenye mashina ya nywele. Utaona kidoti cheusi, kingine, kingine, kama kanga aliyegeuzwa nje ndani, yule kanga wa manyoya sio wa kujifunga. Ndio maana uso unarudi vizuri, na ncha za vidole zisizo na vinyweleo, kama hizi zangu, zinagoma.

Muda umekwenda, niongeze moja tu. Kuna tiba ya kumulika madoa kwa taa maalumu: Uingereza walijaribu kwa watu 517, baada ya miezi tisa steroidi ya kupaka, ile ya kutuliza mgambo, peke yake iliwafaa 17 kati ya 100, taa peke yake 22, vyote pamoja 27, na wenye madoa ndio walioulizwa kama wameridhika, sio daktari na rula. Hilo nimelipenda.

Bei! Hiyo krimu, tyubu ya gramu 60, Marekani ilitoka kwa karibu dola 2,000. Pikipiki mpya na chenji inabaki. Na wale 674, zaidi ya 8 katika kila 10 walikuwa Wazungu. Sisi ambao doa linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, tumewekwa wachache mno kwenye mizani! Nasema hivi kila mwaka, na kila mwaka wahusika wanaandika kwenye daftari. Mji uliopima malaria unashindwa kupima mbalanga?

Naona imamu anaangalia saa. Basi, wenye madoa msitawanyike, njooni hapa nyuma ya turubai mmoja mmoja. Nina pamba. Utafumba macho nikuguse kwenye doa, ukihisi unasema. Doa la ukoma linakufa ganzi, la mbalanga linahisi vizuri tu, na ukoma dawa yake ni bure. Tuanze na nani? Babu, wewe njoo, vua hiyo saa.